Ubia na mlango wa kutokea

Mwezi Agosti 1969, mkutano mkuu wa kampuni ndogo ya kuuza mazulia jijini London ulipitisha azimio la kumwondoa mkurugenzi mmoja. Kampuni iliitwa Westbourne Galleries, na wanahisa wake walikuwa watatu tu: Nazar, mwanawe George, na Ebrahimi, mbia wa Nazar wa miaka mingi. Nazar alikuwa na hisa 400, Ebrahimi 400, George 200. Baba na mwana walipounganisha kura zikawa 600 dhidi ya 400. Ebrahimi akatolewa.

Kwa maandishi ya sheria hapakuwa na kosa. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kwa wingi wa kawaida wa kura. Lakini jambo lenyewe lilikuwa na historia. Wazee hawa wawili walikuwa wakiuza mazulia ya Kiajemi pamoja tangu kabla ya kampuni kuwepo, na faida wakigawana pasu kwa pasu. Mwaka 1958 wakasajili kampuni, hisa 500 kwa 500. Haikupita muda mrefu George akaingizwa, na kila mzee akamkatia hisa 100. Kwa hiyo, katika kura zilizomng'oa Ebrahimi, 100 zilikuwa zimetoka mkononi mwake mwenyewe.

Tena kampuni haikuwahi kulipa gawio. Faida yote ilitolewa kama malipo ya wakurugenzi. Siku alipovuliwa ukurugenzi, Ebrahimi alikosa kila kitu kwa mkupuo: kazi, kauli na kipato. Alibaki na hisa 400 katika biashara inayopata faida, hisa ambazo hazikumpa hata senti, na asingeweza kumuuzia mtu wa nje bila wale wale waliomtoa kukubali.

Toa mazulia, weka nondo, saruji na mabati. Toa London, weka Kariakoo, Mwanjelwa au Kahama. Sijakutana na kesi nyingine inayoeleza vizuri zaidi ugomvi wa biashara zetu ndogo. Mbia mmoja ana funguo, mwingine yuko nje, na katikati yao kuna mali isiyogawanyika wala kuuzika. Mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam asiporidhika anampigia dalali, anauza, anakwenda zake. Kwenye kampuni ya ndugu wawili na shemeji hakuna dalali. Sheria ya Makampuni yenyewe inaitaka kampuni binafsi iwekee mipaka uhamishaji wa hisa na isizidi wanachama 50. Mipaka hiyo ina sababu nzuri, kwani hakuna anayependa kuamka asubuhi akute ameletewa mbia asiyemjua. Ila sharti hilo linalomzuia mgeni kuingia ndilo pia linalomzuia mwenyeji kutoka.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ugomvi wa biashara ndogo una swali moja lililo juu ya mengine yote: anayetoka atalipwa kiasi gani, na atalipwa na nani? Watu hutumia miaka kubishana nani alimkosea mwenzake kwanza. Swali la bei linakuja mwishoni, wakati wateja wameshahama, mashine imeshika kutu na benki imeshabandika tangazo la mnada.

Ebrahimi alikwenda mahakamani. Alishinda kwa jaji wa kwanza, akashindwa katika rufaa, na mwaka 1972 majaji wa House of Lords, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakampa haki. Jaji Wilberforce alieleza kwamba nyuma ya kampuni ndogo kuna watu wenye ahadi na matarajio baina yao, na ahadi hizo hazifutiki kwa sababu tu wameandikisha kampuni. Alitaja dalili za kuangalia: uhusiano uliojengwa juu ya kuaminiana, maelewano kwamba mhusika atashiriki kuendesha biashara, na hisa ambazo haziwezi kuuzwa kwa uhuru. Palipo na dalili hizo, kumtoa mtu kwa kura tu, huku mtaji wake umeshikiliwa ndani, si haki hata kama karatasi zinaruhusu.

Lakini majaji walimpa nini? Amri ya kuvunja kampuni. Mfilisi aingie, mali iuzwe, madeni yalipwe, kinachobaki kigawanywe kwa wenye hisa. Ushindi wa Ebrahimi ulikuwa ruhusa ya kuiua biashara aliyoijenga. Sheria ya wakati ule haikuwa na kingine cha kumpa mtu wa hali yake.

Hapa Tanzania dawa hiyo kali bado ipo, na mahakama inaweza kuamuru kampuni ivunjwe pale inapoona kufanya hivyo ni haki. Lakini Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, katika kifungu cha 233, ilifungua njia ambayo Ebrahimi hakuwa nayo. Mwanahisa anayeona mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomwumiza isivyo haki anaweza kupeleka maombi, na mahakama ikiridhika inaweza kuagiza namna ya kuendesha kampuni, kuzuia kitendo fulani, au kuamuru hisa za mtu zinunuliwe na wanahisa wenzake au na kampuni yenyewe. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Biashara inabaki hai, mtu anatoka na fedha yake. Kenya ina utaratibu unaofanana na huo katika sheria yake ya makampuni ya mwaka 2015.

Sasa chukua mfano ambao wasomaji wengi watautambua kwa sura. Kaka yuko Dar es Salaam, ameajiriwa. Mdogo wake yuko Kahama. Kaka anatoa shilingi milioni 40, wananunua mashine ya kukoboa mpunga, wanasimamisha banda. Mdogo anasimamia. Ndiye anayekesha na fundi mota ikiungua, ndiye anayewajua wakulima kwa majina na madeni yao, ndiye anayejua msimu gani pumba zinauzika na msimu gani zinatupwa. Kampuni waliisajili harakaharaka kwa sababu benki ilitaka hivyo. Aliyewajazia fomu aliuliza hisa zigawanywe vipi, wakajibu kaka 70, mdogo 30. Hakuuliza mdogo atalipwa mshahara gani, na wao hawakufikiria.

Miaka sita baadaye kaka anasema, "Mdogo wangu ananiibia." Mdogo anasema, "Kaka amenifanya kibarua." Ukiwasikiliza kwa utulivu utaona wote wawili wanasema wanachokiona. Mdogo amekuwa akitoa ada ya watoto kwenye droo kwa sababu hana mshahara, na mtu hawezi kuishi kwa asilimia 30 ya faida ambayo haijawahi kutangazwa. Kaka akija Kahama anafungua kauntabuku, anaona "matumizi" limeandikwa mara tatu katika wiki moja bila maelezo, na moyo unamwuma. Malipo ya mtaji na malipo ya kazi ni vitu viwili tofauti. Walivichanganya kwenye droo moja, na droo hiyo ndiyo iliyowagombanisha.

Kutenganisha vitu hivi si elimu ya kigeni. Wafanyabiashara wa pwani wanaujua mkataba wa mudharaba: mmoja analeta mtaji, mwingine analeta kazi, faida inagawanywa kwa uwiano waliokubaliana tangu mwanzo, na hasara ya mtaji inabebwa na mwenye mtaji ilimradi mfanyakazi hakuzembea wala kuvunja masharti. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Jamii yenye urithi huo haina sababu ya kuona kwamba ndugu akisema "tuandikiane" ametukana udugu. Mali bila daftari huisha bila habari, na wahenga hawakuweka msamaha kwa ndugu wa tumbo moja.

Je, kama kaka na mdogo hawakusajili kampuni kabisa? Hapo wengi hushtuka. Watu wawili wanaofanya biashara pamoja kwa lengo la kugawana faida wanaweza kuhesabiwa kuwa wabia hata kama hawajawahi kulitamka neno hilo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ndiyo inayotawala ubia Tanzania Bara, na kama wabia hawakukubaliana vingine, faida ni sawa kwa sawa na hasara ni sawa kwa sawa. Kaka aliyetoa milioni 40 anaweza kujikuta anagawana nusu kwa nusu na mdogo aliyekuja na mikono mitupu. Upande wa pili, mdogo anaweza kudaiwa nusu ya deni la benki ambalo hakulijua. Na mbia mmoja akifariki, ubia unavunjika papo hapo, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo.

Makubaliano ya mdomo yana nguvu kisheria, tofauti na mitaani wanavyosema. Tatizo lake ni ushahidi. Siku hizi ushahidi uko mkononi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, mradi ithibitishwe zimetoka wapi na hazikuchezewa. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "kaka hela ya mota nimeipata, hii tuihesabu kwenye mtaji wako" unaweza kuwa na thamani kuliko mashahidi watatu wanaokumbuka mambo nusunusu. Risiti za kutuma fedha kwa simu nazo ni ushahidi. Shida ni kwamba simu hupotea, na watu wakigombana hufuta ujumbe kwa hasira. Asifute mtu. Na asikae muda mrefu akisubiri mwenzake alainike, kwa sababu madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita.

Ardhi ni habari nyingine kabisa. Mkataba wa kuuziana ardhi lazima uwe wa maandishi chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mashine ya kampuni ikikaa kwenye kiwanja chenye jina la mdogo peke yake, kaka ana asilimia 70 ya mashine iliyofungwa kwa nati kwenye zege la mtu mwingine. Ugomvi wa aina hii naona ni mchungu kuliko ule wa fedha taslimu, kwa sababu kila upande unaweza kumwadhibu mwenzake bila kupata faida yoyote.

Kabla ya wakili na kabla ya kikao cha ukoo, kuna kazi ya kufanya. Nenda ukaangalie kumbukumbu za kampuni yako BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Mtu yeyote anaweza kuomba taarifa hizo kwa kulipa ada, na kwa Zanzibar, yenye sheria yake ya makampuni ya mwaka 2013, upo wakala wa huko. Wengi hugundua hapo mambo ambayo yangewaepusha na vita vya miaka. Mtu anaitwa mkurugenzi mtaa mzima, kumbe ni kweli ni mkurugenzi lakini hana hisa hata moja. Mwingine alitoa fedha nyingi, kumbe ziliingia kama mkopo na jina lake halimo. Mwingine alishauza hisa zake kwa maneno miaka mingi iliyopita, na kwenye kumbukumbu bado ndiye mmiliki. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa pia kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika au kuidhibiti kampuni nyuma ya majina yaliyoandikwa. Taarifa hiyo ikijazwa kwa uaminifu inaweza kumaliza ubishi mwingi. Ikijazwa kwa kubahatisha inazaa ubishi mpya.

Nataka kusema wazi kuhusu njia za mkato, kwa sababu zinaharibu kuliko kosa la kwanza. Kubadilisha kufuli usiku. Kwenda benki kuondoa saini ya mwenzako. Kufungua kampuni nyingine yenye jina linalofanana na kuwahamishia wateja huko. Na lile ninaloliona baya kuliko yote, kwenda polisi kufungua jalada la wizi dhidi ya mbia ili alale mahabusu siku mbili na atoke akiwa tayari kusaini chochote. Makubaliano yaliyosainiwa kwa shinikizo yanaweza kutenguliwa, kwa kuwa sheria ya mikataba inadai ridhaa huru. Zaidi ya hapo, ndugu aliyelala mahabusu kwa malalamiko ya nduguye hakai tena naye meza moja kuzungumza bei.

Kesi ya pili ya kuijua ni ya mwaka 1999, tena kutoka House of Lords. Phillips alikuwa na kampuni ya kuondoa asbesto kwenye majengo. O'Neill aliajiriwa hapo kama kibarua, akafanya kazi kwa bidii, Phillips akampenda na kumpa asilimia 25 ya hisa mwaka 1985. Muda si mrefu Phillips akaachia uendeshaji, O'Neill akashika usukani na kupewa nusu ya faida. Wakazungumza kwamba huko mbele O'Neill afikishiwe nusu ya hisa. Mawakili wakaandika rasimu, lakini haikusainiwa. Uchumi ukayumba, Phillips akarudi kazini mwaka 1991 na kumrudisha O'Neill kwenye asilimia zake 25. O'Neill akashtaki akidai ameonewa.

Alishindwa. Jaji Hoffmann alisema kwamba kukata tamaa hakutoshi. Phillips hakuahidi bila masharti kumpa nusu. Walikuwa wamezungumza tu, na mazungumzo hayakufika mwisho. Hukumu hii inaumiza kusoma, kwa sababu O'Neill aliijenga kweli kampuni ile. Lakini ina funzo la kazi kwa mdogo wa Kahama: kauli ya "tutaangalia mambo yakikaa sawa" haijawa haki ya mtu. Kama umeahidiwa hisa, ulizia fomu ya kuhamishiwa hisa, na uulize mwaka huu.

Katika hukumu hiyo hiyo Jaji Hoffmann aliweka jambo lingine ambalo, kwa maoni yangu, lina faida zaidi kwa wafanyabiashara kuliko ushindi wa upande wowote. Alisema mwanahisa mkubwa akimpa mdogo pendekezo la haki la kununua hisa zake, kwa bei ya haki inayopangwa na mtaalamu asiyeegemea upande, na kila upande ukipata nafasi sawa ya kuona hesabu na kusema neno lake, basi kesi ya kuonewa haina tena miguu. Hapo mahakama inaelekeza watu waende kwenye bei badala ya kuchimba lawama. Wakili mwaminifu atamwambia mteja wake jambo hili siku ya kwanza, si siku ya hukumu.

Sasa bei yenyewe. Turudi Kahama. Tuseme mthamini amekuja, akakadiria banda, mashine na akiba ya mpunga kuwa milioni 90. Madeni ni milioni 20. Thamani inayobaki ni milioni 70. Asilimia 30 ya mdogo ni milioni 21. Lakini kaka anaweza kudai kwamba hisa za wachache hazina nguvu ya kuamua lolote, hivyo zikatwe punguzo. Akikata theluthi, mdogo anaondoka na milioni 14. Milioni saba zimepotea kwenye neno moja la mthamini. Mahakama za Uingereza zimekuwa na msimamo tangu miaka ya 1980 kwamba katika kampuni zilizoendeshwa kama ubia, mtu aliyefukuziwa nje anunuliwe kwa uwiano wake kamili, bila punguzo. Naona huo ndio uadilifu. Mtu ambaye hakutaka kuuza asikatwe kwa sababu ya udhaifu ambao wenzake wameutumia dhidi yake. Lakini katika mkataba wenu mnaweza kuandika mtakavyo, na ni afadhali kuandika "bila punguzo" au "kwa punguzo" kuliko kumwachia mthamini aamue peke yake.

Kuna maswali mengine ndani ya bei. Thamani ihesabiwe kwa tarehe gani, ya ugomvi kuanza au ya leo? Ada ya watoto iliyotoka kwenye droo ihesabiwe mshahara au mkopo? Jina zuri la mashine, lile linalowafanya wakulima wapite mashine nyingine mbili kuja kwenu, lina bei? Na liko swali ambalo huwafunga watu mdomo: mauzo halisi ni kiasi gani? Wabia walioficha mauzo ili wasilipe kodi hugundua siku ya kuachana kwamba vitabu vyao vinaonyesha biashara maskini. Anayenunua atavishika vitabu hivyo kwa mikono miwili. Anayeuza atataka kusema kweli na hatakuwa na pa kuisemea.

Wapo wanaopenda utaratibu ambao mmoja anataja bei na mwenzake anachagua, ama anunue kwa bei hiyo ama auze kwa bei hiyo. Ni kama watoto na chapati, mmoja anakata na mwingine anachagua kipande. Kwa watu wenye mifuko inayolingana utaratibu huu ni mzuri sana, kwa sababu anayetaja bei hawezi kutaja ya kijinga. Ila kwa kaka mwenye mshahara na mkopo wa benki, na mdogo asiye na akiba, ni mtego. Kaka atataja milioni 10 akijua mdogo hana uwezo wa kununua upande mwingine. Mahali pa namna hiyo nitachagua mthamini wa kujitegemea kila mara.

Kwa walio pasu kwa pasu, hatari ni kukwama. Kura zinalingana, hakuna azimio linalopita, akaunti ya saini mbili inafungika, wafanyakazi wanakosa mishahara. Asilimia 50 kwa 50 huonekana haki siku ya kwanza, na kweli ni heshima, lakini inahitaji kifungu cha nani ataamua wakishindana: mtu wa tatu waliyemkubali wote, au zamu, au kununuana.

Kikao cha wazee kina nafasi yake, na sikidharau. Mjomba au shangazi anayeheshimiwa na pande zote anaweza kuwatoa watu kwenye matusi na kuwarudisha kwenye hesabu ndani ya jioni moja. Udhaifu wake ni kwamba wazee mara nyingi hutafuta amani kuliko bei. Wabia wanaambiwa "sameheaneni, mrudi kazini," wanasameheana, wanarudi kazini, na droo iko palepale. Ikiwa wazee watakaa, wapewe karatasi ya hesabu kabla ya kuketi, na kitakachokubaliwa kiandikwe na kusainiwa pale pale.

Mahakamani nako, upatanishi si jambo la hiari tu la watu wapole. Tangu mwaka 1994 mashauri ya madai hupitishwa kwenye upatanishi kabla ya kusikilizwa, na Mahakama Kuu ina Kitengo cha Biashara tangu mwaka 1999. Kwa wanaotaka uamuzi nje ya mahakama, Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inawaruhusu kuchagua mtu wa kuwaamulia na kufungwa na uamuzi wake. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, na hilo limewapa wabia wa kawaida nafasi ya kufuata kesi yao bila kusubiri wakili awatafsirie. Bado naamini meza ya upatanishi inawafaa zaidi. Hakimu anaweza kutoa hukumu ya milioni 21. Meza ya upatanishi inaweza kusema kaka alipe kwa awamu za miezi 24, mdogo achukue mashine ndogo ya kusaga kama sehemu ya malipo, na asifungue mashine ya mpunga katika kata hiyo kwa muda fulani. Mambo ya aina hiyo hukumu huwa haiyafikii. Na makubaliano hayo yakiwasilishwa mahakamani na kurekodiwa kama hukumu, yanatekelezeka kama hukumu nyingine.

Kifo kinahitaji mstari wake katika mkataba, kwa kuwa hapo ndipo wasiohusika huingia. Mbia akifariki, hisa zake ni sehemu ya mirathi, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye sauti, hata kama mdogo wa marehemu ameshika funguo. Mjane naye anaweza kuwa na dai lake juu ya mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Shauri lile lilihusu talaka, lakini limebadili namna familia zinavyofikiria nani alichangia nini. Mkataba unaosema waliobaki watanunua hisa za marehemu kwa bei ya mthamini, ndani ya muda uliotajwa, unamlinda mjane kuliko hotuba zote za msibani, na unawalinda waliobaki wasijikute wakiendesha duka na warithi saba wasioelewana.

Na kwa yule anayetoka leo, bei ikiwa imekubaliwa na kalamu iko mkononi, liko jambo ambalo husahaulika mara nyingi. Benki ilipotoa mkopo wa kununua mashine, uwezekano ni mkubwa kwamba ilimfanya asaini udhamini binafsi, pengine na hati ya nyumba yake ikawekwa rehani. Kuuza hisa hakufuti udhamini huo. Anaweza kulipwa milioni 21 zake zote, akahamia mji mwingine, kisha miaka miwili baadaye akapigiwa simu na benki kwa sababu kaka ameshindwa kurejesha. Barua ya benki inayomwachia udhamini na hati ya nyumba virudi kwanza, ndipo fomu ya kuhamisha hisa isainiwe.